Gereji ya Palo Alto na Kidole cha Fundi: Historia Fupi ya Osileta ya Sauti

Utangulizi

Katika mji wa Palo Alto, jimbo la California nchini Marekani, kwenye nyumba namba 367 ya barabara ya Addison, kuna banda dogo la kuegeshea gari. Banda hilo linatunzwa kama mnara wa kihistoria, na kibao kilichowekwa mwaka 1989 kinalitaja kuwa mahali lilipozaliwa Bonde la Silicon. Humo ndani, mwaka 1938, vijana wawili waliokuwa wamesoma pamoja Chuo Kikuu cha Stanford, Bill Hewlett na David Packard, walianza kuunda vifaa vya elektroniki. Tarehe 1 Januari 1939 waliandikisha ushirika wao wakiwa na mtaji wa dola 538. Bidhaa yao ya kwanza iliyofanikiwa haikuwa redio wala kompyuta. Ilikuwa osileta ya majaribio ya sauti, yaani chombo kinachotoa mlio mmoja safi wa kupimia vyombo vingine.

Wahamasishaji wa ujasiriamali huipenda sana hadithi hii. Huisimulia kama ngano: vijana wawili, banda moja, fedha kidogo, kisha kampuni iliyoenea dunia nzima. Msikilizaji huondoka akiamini kwamba kinachotakiwa ni banda na moyo wa kuthubutu. Kwa mwanafunzi wa Kanama, anayeishi kando ya barabara kuu ya kwenda Gisenyi na Goma, hitimisho hilo linatatiza. Mabanda tunayo. Vijana wenye mikono mizuri tunao. Ikiwa banda na uthubutu vinatosha, basi kilichokosekana kwetu ni nini?

Insha hii inajadili swali hilo kwa kufuatilia historia ya chombo chenyewe badala ya historia ya kampuni. Hoja yangu ni kwamba osileta ya Hewlett ilijengwa nyumbani, lakini haikuzaliwa nyumbani. Ilikuwa pingili ya mwisho katika mnyororo wa karibu miaka hamsini wa maarifa yaliyoandikwa, yakasomwa na kupitishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Tukiuelewa mnyororo huo, tutajua ni kitu gani hasa tunachopaswa kukijenga huku kwetu.

Kwa nini mlio uwe safi?

Sauti ni mtetemo. Mtetemo sahili kuliko yote ni ule unaopanda na kushuka kwa ulaini bila kona wala mikwaruzo, na wanahisabati huuita wimbi la sini. Idadi ya mitetemo kwa sekunde moja ndiyo masafa yake, nayo hupimwa kwa hezi. Wimbi safi la hezi 1,000 lina hezi 1,000 tu, hakuna kingine ndani yake.

Wimbi hilo likipitishwa katika amplifaya yenye kasoro, hutoka likiwa na wenzake ambao halikuingia nao: hezi 2,000, hezi 3,000, na kuendelea. Nyongeza hizo ndizo huitwa upotoshaji. Sikio huzisikia kama ukali, mkwaruzo au sauti ya kukaukiwa. Kwa hiyo njia ya kupima amplifaya ni rahisi kuieleza: ingiza wimbi safi, kisha pima ni uchafu kiasi gani umetoka nalo.

Sharti ni moja, kwamba wimbi linaloingia liwe safi kwelikweli. Chukua mfano wa soko la Mahoko hapa Kanama, ambapo viazi hupimwa kwa mizani. Ikiwa jiwe la kupimia lina upungufu, hakuna gunia litakalopimwa kwa haki siku hiyo, hata muuzaji awe mwaminifu namna gani. Vivyo hivyo, fundi anayepima amplifaya kwa mlio mchafu hawezi kujua kama uchafu anaousikia umetoka kwenye amplifaya au kwenye kipimo chenyewe. Hii ndiyo sababu historia ya osileta ya upotoshaji mdogo ni historia ya jiwe la mizani, na kila redio, studio na mtambo wa matangazo hutegemea jiwe hilo.

Daraja lililosubiri

Pingili ya kwanza ya mnyororo wetu iko Ujerumani. Mwaka 1891 mwanafizikia Max Wien alieleza sakiti ya kupimia kapasita, ambayo baadaye ilipewa jina lake: daraja la Wien. Upande mmoja wa daraja hilo una rezista na kapasita zilizofuatana, na upande mwingine una rezista na kapasita zilizokaa sambamba. Thamani zake zikilingana, muungano huo huwa na tabia ya ajabu. Katika masafa mamoja tu, wimbi linaloingia hutoka bila kuchelewa wala kutangulia, likiwa limepungua hadi theluthi moja ya kimo chake. Katika masafa mengine yote, wimbi hutoka likiwa limechelewa au limetangulia.

Wien mwenyewe hakuweza kutengeneza osileta kwa daraja lake. Ili mlio ujiendeshe, ile theluthi inayotoka lazima ikuzwe mara tatu na kurudishwa mwanzo, izunguke tena na tena. Mwaka 1891 hapakuwa na kitu cha kukuza wimbi la umeme. Lee de Forest aliunda valvu yake ya ncha tatu mwaka 1906, na mwaka 1912 na 1913 watafiti kama Edwin Armstrong wa Marekani na Alexander Meissner wa Ujerumani wakaonyesha kwamba valvu ikirudishiwa sehemu ya kile inachotoa, huweza kutetema yenyewe. Hivyo osileta za redio zikazaliwa.

Hata hivyo, osileta za redio hutumia koili, na koili za masafa ya chini ya sauti ni kubwa, nzito na ghali. Maabara nyingi za miaka ya 1920 na 1930 zilitumia hila nyingine. Zilitengeneza mawimbi mawili ya masafa ya juu, zikayachanganya, na tofauti yao ikawa sauti. Kwa mfano, wimbi la hezi 100,000 likichanganywa na la hezi 101,000, tofauti ni hezi 1,000. Tatizo la njia hii linaonekana kwa hesabu ndogo. Wimbi moja likihama kwa sehemu moja tu katika elfu, kwa sababu ya joto tu la valvu, huhama hezi 100, na hiyo ni sehemu ya kumi ya sauti inayotakiwa. Mpimaji alilazimika kurekebisha chombo chake mara kwa mara, nacho kiliuzwa kwa mamia ya dola.

Pingili iliyofuata ilitoka kwenye simu. Kampuni za simu za Marekani zilitaka kupeleka mazungumzo kutoka pwani moja hadi nyingine, na njiani zilihitaji amplifaya nyingi zilizofuatana. Kila moja iliongeza upotoshaji wake juu ya ule wa zilizotangulia. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black, mhandisi wa Maabara za Bell, akiwa katika kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini, alipata jibu na kulichora kwenye ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Wazo lake lilikuwa hili: chukua sehemu ya kile kinachotoka, igeuze, uirudishe mwanzoni ili ipingane na kinachoingia. Amplifaya itapoteza nguvu nyingi, lakini kosa lolote inalolifanya litarudi na kujirekebisha lenyewe. Huu ndio mrejesho hasi. Wazo la kutupa nguvu kwa makusudi lilionekana kama wazimu, na hataza yake ilitolewa Desemba 1937, takribani miaka tisa baada ya kuombwa. Wakati huohuo, mwaka 1932, Harry Nyquist wa maabara hizohizo alikuwa amechapisha nadharia inayoeleza ni lini mrejesho hutulia na ni lini huanza kupiga kelele.

Globu iliyotuliza mlio

Sasa vitu vyote vilikuwepo: daraja la Wien, valvu, na mrejesho hasi. Ilibaki shida moja tu, nayo ilikuwa kubwa. Daraja hugawa kwa tatu, kwa hiyo amplifaya lazima ikuze mara tatu kamili. Ikikuza mara 2.99, mlio hufifia na kufa. Ikikuza mara 3.01, mlio hukua na kukua mpaka ugonge dari, yaani kikomo cha volti ambazo amplifaya inaweza kutoa. Ukigonga dari, kichwa cha wimbi hukatwa, na wimbi lililokatwa kichwa si safi tena. Hakuna rezista ya dukani iliyo sahihi kiasi cha kubaki tatu kamili mchana na usiku, katika joto na katika baridi.

Frederick Terman, profesa wa Stanford, alikuwa akiendesha semina ya uzamili kuhusu mrejesho hasi, na Hewlett alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Jibu la Hewlett lilikuwa globu ndogo ya kawaida. Uzi wa tungsteni uliomo ndani ya globu una ukinzani mdogo ukiwa baridi, na ukinzani huo huongezeka mara nyingi uzi unapopata moto. Hewlett aliiweka globu katika njia ya mrejesho hasi, mahali panapoamua ukuzaji. Mlio ukiwa mdogo, globu hubaki baridi, ukuzaji huzidi tatu, na mlio hukua. Mlio ukikua kupita kiasi, uzi hupata moto, ukinzani hupanda, ukuzaji hushuka, nao mlio hurudi chini. Baada ya muda mfupi vitu hivi viwili hupatana, na ukuzaji hutulia kwenye tatu kamili bila mtu kugusa chochote.

Uzuri wa hila hii uko katika uvivu wa globu. Uzi hauwezi kupata moto na kupoa mara elfu moja kwa sekunde, kwa hiyo hausumbui umbo la kila wimbi. Hufuata kimo cha jumla tu. Ndiyo maana njia hii inatuliza mlio bila kuukata kichwa. Pia ndiyo maana ina mpaka wake: masafa yakishuka sana, uzi huanza kufuata wimbi lenyewe, na upotoshaji huongezeka.

Chombo kilichotokana na kazi hiyo, kilichopewa jina la 200A, kilitoa masafa kuanzia hezi 35 hadi hezi 35,000, na upotoshaji wake ulikuwa chini ya asilimia 1. Bei yake ilikuwa dola 54.40, na waundaji waligundua upesi kuwa haitoshelezi hata gharama. Jina 200A lilichaguliwa ili wateja wasidhani kwamba kampuni ndiyo kwanza inaanza. Muda si mrefu, studio za Walt Disney ziliagiza nane za aina iliyofuata, 200B, kwa dola 71.50 kila moja, kwa ajili ya kuandaa vyombo vya sauti vya filamu ya Fantasia iliyotoka mwaka 1940. Hewlett aliomba hataza Julai 1939 na kuipata Januari 1942.

Gereji kwa maana ipi?

Hapa ndipo hadithi ya banda inapohitaji kuchunguzwa. Katika Kiswahili tunachozungumza huku, neno gereji lina maana tofauti na ile ya Palo Alto. Kwa Wamarekani ni chumba cha kulaza gari, mahali pa mtu mmoja na familia yake. Kwetu gereji ni mahali pa kazi penye mafundi wengi. Huyu ana spana namba 17, yule ana jeki, na kijana anayejifunza anashika tochi. Mtu akikwama, huita mwenzake wa gereji ya jirani. Nikilinganisha maana hizi mbili na ushahidi wa historia, naona kwamba mafanikio ya mwaka 1939 yanafanana zaidi na gereji yetu kuliko na banda lao.

Tuanze na maarifa. Wazo la kutumia globu kutuliza osileta lilikuwa limechapishwa mwaka 1938 na Larned Meacham wa Maabara za Bell, aliyelitumia katika osileta ya daraja yenye masafa yasiyobadilika. Mchango wa Hewlett ulikuwa kuliunganisha wazo la aina hiyo na daraja la Wien, ili masafa yaweze kubadilishwa kwa urahisi katika eneo lote la sauti. Mchango huo ni mkubwa, lakini haukutoka hewani. Mwaka 1939 makala iliyoeleza matumizi ya mrejesho hasi katika vyombo vya maabara ilichapishwa kwa majina manne: Terman, Buss, Hewlett na Cahill. Majina manne katika makala moja hayafanani na ngano ya wapweke wawili bandani.

Tuendelee na vifaa. Charles Litton, mwenye karakana ya kutengeneza valvu, aliwaruhusu vijana hao kutumia mashine zake. Rangi ya paneli za kwanza ilikaushwa katika jiko la kuokea la Lucile Packard, mke wa David, ambaye pia alisaidia kazi za ofisi. Packard mwenyewe aliweza kuchukua likizo katika kampuni ya General Electric na kurudi California kwa sababu Terman alimtafutia ufadhili wa masomo.

Tumalizie na soko. Kipeperushi cha kwanza cha 200A kilitumwa kwa wateja wapatao 25 ambao majina yao yalitolewa na Terman huyohuyo. Kwa maneno mengine, kabla ya chombo cha kwanza kuuzwa, kulikuwa tayari na mtu anayewajua wanunuzi kwa majina.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa mantiki hiyo, banda la barabara ya Addison lilikuwa kidole kimoja tu. Vidole vingine vilikuwa semina, majarida, karakana ya jirani, jiko la Lucile na orodha ya wateja. Kibao cha ukumbusho kimewekwa kwenye kidole kimoja kwa sababu ndicho kinachopigika picha.

Upande wetu wa historia

Afrika Mashariki ilipokea redio mapema, lakini iliipokea kama kitu kilichokwisha kutengenezwa. Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, na Dar es Salaam mwaka 1951. Hapa Rwanda, idhaa ya Ujerumani, Deutsche Welle, ilijenga kituo cha kurushia matangazo katika kilima cha Kinyinya, Kigali, kilichoanza kazi miaka ya 1960 na kufungwa Machi 2015. Kwa karibu nusu karne mitambo yake ilipeleka sauti mbali sana barani. Mtambo wa aina hiyo hauwezi kuendeshwa bila kupimwa kwa milio safi. Kwa hiyo osileta ya sauti si ngeni katika ardhi yetu. Ilikuwepo, lakini ndani ya uzio, mikononi mwa wataalamu wachache.

Historia ya redio ya Rwanda ina pia ukurasa mzito wa mwaka 1993 na 1994, na hakuna anayeandika juu ya redio nchini mwetu asiyeufahamu. Chombo kinaweza kupima usafi wa wimbi. Hakiwezi kupima usafi wa neno. Insha hii inashughulikia la kwanza bila kusahau la pili.

Nje ya uzio walikuwepo, na bado wapo, mafundi wa redio. Katika vibanda vya Mahoko, Gisenyi na ng'ambo ya mpaka Goma, utawakuta wamezungukwa na spika zilizopasuka na amplifaya za makanisa na za sherehe. Kipimo chao cha kwanza ni kidole. Fundi huwasha amplifaya, kisha hugusa waya wa kuingizia sauti. Mwili wa binadamu hunasa mawimbi ya umeme wa nyumba, ambayo ni hezi 50, na spika ikivuma, fundi hujua kwamba njia ni nzima kuanzia hapo alipogusa. Isipovuma, husogea hatua moja mbele na kugusa tena, mpaka aone mahali palipokufa.

Sitaki kuidharau njia hii. Ina mantiki ileile ya maabara: ingiza ishara unayoijua, sikiliza kinachotoka. Kwa hakika kidole cha fundi ni osileta ya hezi 50. Udhaifu wake ni ule wa jiwe la mizani lenye upungufu. Kinatofautisha kilicho hai na kilichokufa, lakini hakiwezi kutofautisha kizuri na kibovu, kwa kuwa mvumo wenyewe ni mchafu. Ndiyo maana amplifaya nyingi hurudi kwa wenyewe zikiwa zinalia, lakini zinalia vibaya, na kwaya ya watu arobaini husikika kana kwamba inaimba ndani ya debe.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Maarifa ya fundi hukaa kichwani mwake. Mwanagenzi huyapata kwa kukaa naye miaka, na fundi akifa au akihama, yanaondoka naye. Hewlett hakuhitaji kukaa na Meacham hata siku moja. Bara zima liliwatenganisha, lakini karatasi iliwaunganisha.

Kuijenga nyumbani leo

Je, chombo hiki kinaweza kujengwa leo juu ya meza ya kawaida huku Kanama? Kinaweza, na kwa urahisi kuliko mwaka 1939. Kazi ya valvu sasa hufanywa na chipu ndogo ya kikuzaji. Chipu za aina hii zilienea tangu miaka ya 1960, na ile iitwayo NE5532, iliyotokea mwishoni mwa miaka ya 1970, bado inapatikana ndani ya vyombo vingi vya sauti vilivyotupwa. Kwa mlio wa karibu hezi 1,000, zinahitajika rezista mbili za omu 16,000 na kapasita mbili za nanofaradi 10. Kanuni ni moja iliyogawanywa kwa mara mbili ya pai, mara ukinzani, mara thamani ya kapasita. Jibu ni hezi 995. Betri mbili za volti 9 hutoa umeme wa pande mbili, chanya na hasi, bila mvumo wa umeme wa nyumba. Kwenye mrejesho hasi huwekwa globu kuelekea sifuri, na rezista ya kubadilika ya omu 500 kutoka kwenye mlango wa kutokea. Rezista hiyo ikifika kwenye mara mbili ya ukinzani wa globu iliyopata moto, ukuzaji huwa tatu, na mlio hutulia.

Jambo linalostaajabisha ni kwamba sehemu iliyokuwa rahisi kuliko zote mwaka 1939 ndiyo ngumu kupatikana leo. Taa za kisasa za LED hazina uzi wa tungsteni, na tabia yake ni tofauti kabisa. Njia moja ni kutumia globu ndogo ya volti 24 ya dashibodi ya lori. Malori yanayopita Kanama kila siku kwenda Goma hutumia umeme wa volti 24, na globu hizo bado huuzwa na wauza vipuri. Nilipoijenga sakiti hii mezani nyumbani, globu haikuonyesha mwanga wowote, kwa kuwa inafanya kazi ikiwa na joto kiasi tu. Kinachoonekana ni matokeo yake: ukigeuza rezista ghafla, mlio huyumba juu na chini kidogo, kisha hutulia wenyewe. Katika myumbo huo mtu anasikia kwa masikio yake kile ambacho Black alikichora kwenye gazeti mwaka 1927.

Wasomi waliendelea kuiboresha njia hii. Mwaka 1990 mhandisi Jim Williams wa kampuni ya Linear Technology aliandika waraka wa kiufundi kuhusu sakiti za daraja, akarudia kazi ya Hewlett kwa chipu za kisasa, kisha akabadilisha globu kwa sehemu nyingine mpaka akashusha upotoshaji hadi karibu asilimia 0.0003. Miaka hamsini baadaye, mtu alikuwa bado anazungumza na tasnifu ya mwanafunzi wa mwaka 1939. Huo ndio mnyororo ninaouzungumzia.

Mtu anaweza kupinga kwamba kazi hii haina faida, kwa sababu simu ya mkononi yenye programu ya bure inaweza kutoa mlio wa hezi 1,000. Pingamizi hilo lina uzito, na kwa fundi mwenye haraka ningemshauri aanze na simu yake, ambayo tayari ni bora mara nyingi kuliko kidole. Hata hivyo, simu humpa mlio bila kumwonyesha mlio umetoka wapi. Aliyejenga osileta anajua kwa nini amplifaya hugonga dari, kwa nini mrejesho hutuliza, na kwa nini ukuzaji mkubwa si lazima uwe ukuzaji mzuri. Akikutana na kasoro ambayo haimo katika mazoea ya bwana wake, ana mahali pa kuanzia.

Hitimisho

Historia ya osileta ya sauti inaonyesha kwamba nyumba ya mtu inaweza kuwa mahali pa sayansi ikiwa mambo matatu yanaifikia: maandishi, vifaa vya kuazimana, na watu wanaofahamiana. Mwaka 1938 banda la Palo Alto lilikuwa na yote matatu. Meza za Kanama zina la pili na la tatu kwa kiasi fulani. Utamaduni wa gereji unaturuhusu kuazimana, na mafundi wa Gisenyi na Goma wanafahamiana kuvuka mpaka, wakisemezana kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa na lugha za Kivu.

Kinachokosekana ni la kwanza. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini fundi anayekizungumza kutwa nzima hana kitabu kinachomweleza mrejesho hasi kwa lugha hiyo. Anachokijua hakijaandikwa, na kilichoandikwa hakijamfikia. Pengo hili halitazibwa na wahandisi peke yao, kwa sababu wahandisi wetu wamesomea kwa lugha nyingine. Linatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili vyuoni. Mwanafunzi wa Kiswahili akienda kwenye kibanda cha fundi na daftari, akaandika jinsi anavyotafuta mahali palipokufa, maneno anayoyatumia kwa kila sehemu, na sababu anazozitoa, atakuwa amefanya kwa fundi huyo kile ambacho majarida ya mwaka 1938 yaliwafanyia Meacham na Hewlett. Naye fundi wa kibanda kingine, ambaye hawajawahi kuonana, atakuwa na mahali pa kusoma.